Kilo Sita za Huruma

Mnakumbuka wiki iliyopita mliniacha wapi: juu ya mizani ya chuma chakavu, miguu peku, viatu mkononi, nalia kwa furaha. Mizani ilisema kilo themanini. Ndiyo namba niliyokuwa naitafuta kwa kufa na kupona.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukaa na mimi, karibu, hutapotea. Mimi ni mpimaji katika yadi ya skrepa. Watu wanaleta vyuma, masufuria yaliyotoboka, betri za magari zilizokufa, mimi nasoma uzito na bosi analipa. Naishi peke yangu, chumba na sebule, tangu mume wangu alipoamua kwamba hewa ya nyumba nyingine inamfaa zaidi. Na nina mdogo wangu wa kiume, mmoja tu, ambaye figo zake zimekataa kufanya kazi.

Daktari alinipima. Akakuta damu zetu zinakubaliana, na figo zangu ni nzima zote mbili. Akasema anaweza kuchukua moja akampa mdogo wangu, ila si kwa uzito ule niliokuwa nao. Nilikuwa pipa, ndugu msomaji, tuseme ukweli. Mtu wa unene ule akipasuliwa anaweza asiamke, alisema, na yeye hayuko tayari kumuua dada ili amponye mdogo. Shuka mpaka themanini, kisha njoo tuongee.

Nikatoka pale, sikumwambia mtu yeyote.

Mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu kabla yangu alikuwepo mwingine. Kaka yake wifi, yaani kaka wa mke wa mdogo wangu, alisimama mbele ya familia nzima akatangaza kwamba figo yake ipo, ichukuliwe hata kesho. Watu wakampigia makofi, mama akamkumbatia. Wiki ya vipimo ilipofika akazima simu, na mpaka leo hatujui alikokwenda. Mdogo wangu alilala akiangalia ukuta. Akakataa kula. Akakataa hata kupelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, akasema aachwe apumzike. Mama ilibidi apige magoti pembeni ya kitanda na kumwomba kama anayemwomba mtu asiyemjua.

Siku ile niliapa. Mdogo wangu hatasikia tena neno figo mpaka liwe ni jambo la uhakika. Matumaini yakivunjika mara ya pili, yatakwenda naye.

Basi nikaanza mazoezi, mimi ambaye zoezi langu kubwa maishani lilikuwa kugeuka kitandani.

Nilianza na kamba ya kuruka, hapo hapo sebuleni. Jirani wa chini akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio, akauliza kwa sauti kama nahamisha makabati. Nikahamia barabarani. Viatu vya kukimbilia sikuwa navyo, nikavaa raba za mume wangu alizozisahau chini ya kitanda, na soksi mbili mbili ili zisinivuke. Nilikuwa natembea haraka mpaka kona, nashika nguzo, nahema, narudi. Watu wakanipisha kwa heshima, wakidhani namkimbiza mtu.

Baadaye nikajiunga na ukumbi wa mazoezi ulio juu ya duka la rangi. Mwalimu wetu ni mwanamke, mchezaji mpira wa zamani, mguu wake kama wa meza. Siku ya kwanza alituambia kila mtu atafute mwenzake, mmoja alale chali, mwingine amshike miguu. Tulikuwa hesabu isiyogawanyika kwa mbili. Kila mtu alimshika mwenzake, nikabaki mimi katikati ya ukumbi kama kiti cha ziada. Mwalimu akaniambia niingize miguu chini ya benchi.

Miezi yote ile benchi ndilo lililonishika miguu.

Mwalimu alinionya mapema. Alisema anayeanza asikimbilie mizani, maana mwili unakaza kwanza ndipo upungue. Mafuta yanatoka mlango wa mbele, misuli inaingia mlango wa nyuma, na mizani haijui kutofautisha. Nikamwambia mimi urembo haunihusu, nataka kilo tu. Akacheka, akasema wote wanaingia na maneno hayo.

Na alisema kweli. Sketi zikaanza kunizunguka kiunoni. Mikono ikakaza, nikawa nanyanyua betri ya gari bila kuita msaada. Ngazi za ukumbi nikawa nazipanda bila kusimama kusoma matangazo ukutani. Lakini kila Ijumaa jioni, lango la yadi likifungwa, nikipanda mizani, namba ni ile ile, au imesogea kidogo sana. Nashuka nimenyong'onyea.

Nyumbani nako kukawa kubaya. Jumamosi, siku ambayo familia ilikuwa inamzunguka mdogo wangu, mimi nilikuwa ukumbini. Jioni zake nilikuwa barabarani. Wifi aliniona siku moja na raba zangu na jasho langu, na haikuchukua muda mama akapiga simu. Alisema amesikia najiandaa kwa mume mpya. Alisema ni vizuri, kila mtu na maisha yake, ila nijue tu kwamba yeye ana mtoto mmoja anayekufa na mwingine anayeruka kamba. Kisha akakata. Simu zake zikaisha hapo.

Ningeweza kumwambia. Neno moja tu lingetosha. Nilikaa na ile simu mapajani mpaka ikazima mwanga wake, nikaenda kuoga, nikala viazi viwili vya kuchemsha nimesimama, maana kuweka meza kwa mtu mmoja kulishanichosha. Upweke, jamani, hauna kelele. Unaujua tu pale unapogundua kwamba tangu asubuhi sauti yako haijatoka isipokuwa kutaja uzito wa vyuma.

Pale yadi tuko watu watatu: bosi, ambaye hatoki ofisini, mimi, na mpakiaji mmoja tunayemwita Tani Moja. Jina lenyewe ni la utani, kwa sababu ukimvua viatu upepo unaweza kumchukua. Ndiye anayeisafisha mizani kila asubuhi na kuiweka sawa. Ni mizani ya zamani, ya jukwaa, ina mkono mrefu wa chuma na nati ndogo pembeni ya kuurekebisha. Mimi nasoma tu ninachokikuta.

Tani Moja si mtu wa maneno. Alikuwa anafagia huku mimi najipima, anajifanya hanioni. Ijumaa moja nilishuka, nikakaa juu ya rundo la rimu za magari nikalia. Akaniuliza nina nini. Nikasema nataka kupungua, basi. Akaniletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe, akaendelea kufagia.

Wiki iliyofuata mizani ilipungua. Na iliyofuata. Nikaanza kuimba kazini. Ndiyo wakati ule ule mzee mmoja anayetuletea masufuria alipoanza kulalamika kwamba mizani yangu inampunja. Nikamjibu kwa jeuri zote kwamba mizani haina undugu na mtu, na kama masufuria yake yameliwa na kutu asiniletee mimi lawama. Akaondoka akinung'unika. Nilimwona mzee mkorofi.

Hivyo ndivyo nilivyofika themanini. Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu.

Sikungoja hospitali. Mizani nimeisoma mimi, mpimaji, kazi yangu ni hiyo hiyo, nani aniambie kitu? Nilitoka yadi na vumbi langu mpaka kwa mdogo wangu. Wifi alinifungulia mlango nusu. Nikampita. Nikakaa kitandani kwake, nikamwambia yote: daktari, figo, raba, benchi, kila kitu.

Alichukua mkono wangu akaubana misuli ya juu, kama mtu anayechagua parachichi, akaanza kucheka na machozi yanamtoka. Wifi alikuwa amesimama mlangoni ameshika kitasa. Akaja akapiga magoti, akaniomba radhi kwa yale aliyoyasema na kwa mengine ambayo sikuyasikia. Nikampigia mama. Nilipomaliza kumweleza akaniuliza nimekula nini leo. Kwa mama yangu, hilo ndilo samahani.

Siku zile chache nilikuwa na familia. Simu ilikuwa inaita hata bila sababu. Mdogo wangu alianza kula, akaanza kunyoa ndevu. Wifi, aliyekuwa amewaandikia ndugu wote wa mbali kuomba mtu wa kupimwa, akawaambia watulie, figo imepatikana nyumbani.

Basi twende hospitali, maana leo ndiyo hadithi yenyewe.

Walikuja wote. Nilisema nakwenda peke yangu, ni kupimwa tu, hawakunisikia. Mama alibeba chupa ya chai. Mdogo wangu alivaa shati la kutokea, limemzidi kila upande. Wakakaa kwenye benchi la korido, mimi nikaingia na nesi.

Nilivua kila kinachovulika. Raba, saa, hereni, kitambaa cha kichwa. Nesi akacheka, akasema hereni hazijawahi kumwangusha mtu. Nikapanda mizani yao ya kisasa, ya vioo, inayowasha namba nyekundu.

Themanini na sita.

Nikamwambia nesi mizani yake ni mbovu. Akaniambia nishuke, nipande tena. Themanini na sita. Nikamwambia haiwezekani, mimi ni mpimaji, mizani yangu inasema themanini, hii yake inapunja, au tuseme inazidisha. Nilisikia maneno yangu mwenyewe yakitoka, na sauti yangu ikawa ya yule mzee wa masufuria.

Nesi alipanda yeye, akanionyesha uzito wake, akasema ndio anaoujua kila siku. Kisha akaleta mizani nyingine kutoka chumba cha pili. Sitaki kurudia namba.

Daktari aliingia akanipima moyo na shinikizo la damu. Alifurahi, jamani, ndicho kilichoniumiza. Alisema moyo wangu umekuwa wa mtu mwingine, misuli imekaza, nimefanya kazi kubwa ambayo wengi wanaishindwa. Lakini jopo la wapasuaji halitapitisha themanini na sita. Nahitaji miezi miwili zaidi, labda mitatu. Na kwa hali ya mdogo wangu, akasema, si busara kuningoja mimi peke yangu.

"Waambie leo," akasema. "Waendelee kutafuta mtu mwingine wakati wewe unapungua. Usitoke hapa kabla hujawaambia."

Akaondoka. Nesi akabaki anaandika. Nikaomba nipige simu.

Tani Moja alipokea. Nyuma yake nilisikia vyuma vikishushwa.

"Mizani ina nini?" nikamuuliza.

Akajifanya hajasikia. Nikarudia.

"Ni ile nati," akasema. "Nilikuwa naizungusha kidogo. Kidogo tu, kila wiki."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unashuka pale juu unatia huruma, dada. Nilipoizungusha mara ya kwanza ukacheka. Tangu nikujue ulikuwa hujacheka. Nikasema unataka kupendeza tu, kuna ubaya gani."

Nikamuuliza kiasi gani. Akasema sita, au sita na ushee, na kwamba alitaka kuirudisha polepole ili nisistuke.

Nilimwambia mambo ambayo mhariri wa gazeti hili hataniruhusu kuyaandika. Nilimwambia hakuna mwizi kama yule anayempa mwenzake furaha ya uongo, na kwamba angenitukana usoni ningemshukuru. Nilimwambia kama ana moyo wa binadamu, siku nyingine amwambie mtu ukweli, hata ukweli ukimuua.

Akangoja nimalize.

"Dada," akasema, "kwani ilikuwa ya nini?"

Nikakata simu. Nilikaa kwenye kile kitanda cha hospitali nikatazama vidole vya miguu yangu. Katika watu wote walionizunguka miezi ile, ndugu, jirani, wenzangu wa ukumbini, ni yeye peke yake aliyekuwa ananitazama usoni ninapotoka kwenye mizani. Hilo liliniuma kuliko kilo zenyewe.

Kisha nikajikaza. Nikapanga maneno. Nitasema polepole: kuna tatizo dogo, tumecheleweshwa, wifi aanze tena kuwaandikia ndugu. Nitamshika mdogo wangu mkono wakati nasema. Nikafungua mlango nikatoka.

Walisimama wote watatu kwa pamoja. Mama alikuwa ameshika kifuniko cha chupa ya chai, chai inamwagika sakafuni, haoni.

Mdogo wangu akanitangulia. Alitembea zile hatua za kwake za siku hizi, mkono mmoja ukutani, akafika, akanikumbatia. Alipokuwa mtoto alikuwa na mchezo wake. Ananikumbatia kiunoni, mikono yake haifiki nyuma, kisha anauliza, dada, wewe unaishia wapi? Kila mtu nyumbani anacheka, mimi nacheka nao, usiku nalia.

Sasa alikuwa ameegemeza kidevu begani kwangu. Nilihisi vidole vyake vinatafutana nyuma ya mgongo wangu, vikashikana.

"Imekutana," akasema. "Dada, mikono imekutana."

Alikuwa mwepesi mno. Nilikuwa naogopa kupumua nisimwangushe. Juu ya bega lake niliyaona macho ya mama, na wifi amekunja mikono kifuani kama anayesali.

"Wamesema lini?" mdogo wangu akaniuliza.

Maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwepo. Hayakunipotea, nisiwadanganye. Niliyaona yamejipanga pale pale mdomoni. Na niliuona ule ukuta aliokuwa anauangalia.

"Mwisho wa mwezi," nikasema.

Mama akakaa chini, akajifunika uso kwa mtandio. Wifi akamfuata, akamshika mabega. Mdogo wangu hakuniachia. Aliniambia sikioni kwamba jioni ya leo anataka kula nyama, na kwamba nile naye, kwake, nisirudi kwenye kile chumba changu nikale peke yangu. Nikaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo alipotazama chini.

"Mbona uko peku?"

Nilikuwa peku kweli. Nilikuwa nimetoka bila raba, bila kitambaa, na hereni nimeirudisha sikio moja tu.

Mlango nyuma yangu ukafunguka. Nesi alikuwa ameshika zile raba za mume wangu, soksi zimechomekwa ndani vizuri.

"Dada, umesahau viatu," akasema.

Kisha akamwona mama chini, akamwona wifi, akamwona mdogo wangu amenikumbatia. Akadhani anajua wanalilia nini. Uso wake ukalegea kwa huruma.

"Umeshawaambia?" akaniuliza.